Ndugu yako anatoka jela? Mwongozo kamili wa kumrudisha kwenye jamii, kwa familia za Mtwara na Lindi

Hii naiandika kwa sababu familia nyingi huku kwetu zinaanguka palepale. Ndugu anatoka gerezani, nyumba inajaa watu, kuku wanachinjwa, vigelegele mpaka mtaa wa pili, wiki inapita kila mtu karudi kwenye mishe zake, jamaa anabaki kibarazani anahesabu bodaboda, baada ya miezi kadhaa unasikia kakamatwa tena na ndugu walewale wa vigelegele wanasema huyu alizaliwa hivyo.

Mimi nasema hakuna aliyemrudisha. Kutoka getini ni jambo la siku moja, kurudi kwenye jamii ni kazi ya mwaka na zaidi, na ina hatua zake.

## Kwanza uelewe unafanya nini

Kujamiishwa upya ni mtu mzima kuachishwa mazoea aliyokuwa anaishi nayo na kupewa mengine ili aweze kuishi na kundi lenye kanuni tofauti. Inatumika sehemu nyingi tu: kuruta wa JKT, mtu anayetoka sober house, mgonjwa aliyelazwa muda mrefu kwa matatizo ya akili, askari anayestaafu. Hata jando letu lina sura hiyo, mtoto anapelekwa porini, anafundishwa, kwa makabila yetu mengi anatoka na jina jipya na la zamani hutakiwi kumwita tena.

Gereza nalo linafanya hivyo. Msosholojia Erving Goffman aliandika mwaka 1961 kuhusu sehemu za namna hii, ambapo mtu analala, anakula na anafanya kazi palepale chini ya wakubwa walewale, na akiingia tu anavuliwa vitu vilivyokuwa vinamfanya awe yeye: nguo zake, nywele, faragha, muda wake, uamuzi wake. Sasa hapo kwenye uamuzi weka alama. Miaka yote aliyokaa ndani hajaamua aamke saa ngapi wala ale nini, na hiki ndo kitu utakachokuwa unamrudishia kwenye kila hatua hapa chini.

## Andaa hivi kabla hujaanza

- Mwenyeji mmoja. Mtu mmoja anayebeba jukumu, sio ukoo mzima. Kwetu huku, Wamakonde, Wayao, Wamwera, Wamakua, mjomba ndo mwenye sauti, kwahiyo kama mjomba yupo na ana busara mpe yeye. Kama mjomba ni mlevi achana naye, chukua dada mkubwa.
- Sehemu ya kulala yenye mlango anaoufunga mwenyewe kwa ndani. Hata kama ni chumba cha kuwekea majembe, kisafisheni.
- Karatasi zake. Hati ya kuachiwa kutoka gerezani, cheti cha kuzaliwa kama kipo, namba ya NIDA. Toa kopi.
- Simu ya kitochi na laini. Laini yake ya zamani usiitegemee, itakuwa imeshafungwa, na siku hizi laini inasajiliwa kwa alama za vidole na NIDA. Kama NIDA hana anza kuifuatilia mapema, maana bila hiyo hata pesa ya simu hapati.
- Nguo pea mbili na viatu. Zile alizoziacha hazitamkaa, mwili umebadilika.
- Daftari la mali zake zilizopo, zilizouzwa, zilizowekwa rehani, na madeni anayodai na anayodaiwa.
- Kazi ya kuanzia iliyo tayari, hata kama ndogo. Usiseme tutaangalia akija.

## Hatua ya 1: Anza akiwa bado ndani

Pigeni hesabu ya tarehe vizuri. Sheria ya Magereza kwa kawaida inampa mfungwa mwenye tabia nzuri punguzo la theluthi moja ya kifungo, kwahiyo aliyehukumiwa miaka 6 anaweza kutoka akiwa ametumikia 4. Kuna familia zinashangaa mtu anabisha hodi wakati wao wameandika mwaka mwingine kabisa. Na kuna msamaha wa Rais, ambao upo kwenye Ibara ya 45 ya Katiba na mara nyingi unatangazwa sikukuu za kitaifa kama Aprili 26 au Desemba 9, huo hauna kupiga hodi. Ulizeni ofisi ya gereza husika, kama ni Lilungu nendeni Lilungu, msitegemee stori za mtaani.

Kwenye ziara, mwambieni ukweli wa nyumbani. Nani kafariki, mke yuko wapi, mikorosho nani anaokota. Watu wanaficha eti wasimpe mawazo, alafu jamaa anafika na kupokelewa na kaburi la mama yake. Hasira atakayokuwa nayo siku hiyo hutaiweza, na wala hatamkasirikia marehemu, atakukasirikia wewe uliyekuwa unamletea sabuni na salamu za mtu ambaye hayupo.

Onyo: habari nzito moja kwa ziara moja. Usimwage zote siku moja alafu ukaondoka na basi la jioni ukamwacha nazo peke yake.

Umefanikiwa kama: anaanza kuuliza maswali ya mbele, mfano mvua ilikuwaje, korosho bei gani, mtoto yuko darasa la ngapi.

## Hatua ya 2: Siku ya kutoka, punguza kelele

Waende watu wawili kumchukua, mwenyeji na mmoja anayempenda. Wakiweza wapitilize nyumbani moja kwa moja, kama anatokea mkoa mwingine na basi linashusha stendi ya Mkanaledi mchana wa jua kali na umati wote ule, kuwe na bajaji inamsubiri. Mtu aliyezoea sura zilezile miaka na miaka, stendi inamchanganya kweli kweli.

Sherehe hapana. Najua bibi atanuna. Mwambieni bibi sherehe ipo ila baadaye, kwa sasa apike ugali wake wa muhogo na samaki wa kuchemsha. Tumbo lililozoea chakula cha aina moja likipigwa nyama ya mafuta na soda siku hiyohiyo, usiku mzima chooni.

Pombe ndo kabisa. Hasa kama katoka kipindi cha mabibo, uraka upo kila kona na kila rafiki anataka kumkaribisha kwa kikombe. Mwenyeji asimame hapo, akubali kuitwa mnoko.

Umefanikiwa kama: usiku wa kwanza umepita bila kesi na bila wageni. Kulala hatalala sana, hilo la kawaida.

## Hatua ya 3: Serikali ya mtaa na hospitali, wiki ya kwanza

Mpelekeni kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, na kwa balozi, na ile hati ya kuachiwa mkononi. Watu wanaona aibu hapa, wanasema tumnyamazie tu. Kunyamaza kunamuumiza yeye. Siku ikiibiwa baiskeli kwa jirani, kidole cha kwanza kitakuwa kwake, na mwenyekiti ambaye alimwona akija mwenyewe asubuhi kweupe ana cha kusema, mwenyekiti aliyesikia kwa umbea hana.

Kama katoka kwa parole, yaani kuachiwa mapema chini ya uangalizi, au msamaha wenye masharti, yasomeni masharti kwa sauti, mwenyeji na yeye pamoja, mjue anaripoti wapi na lini, na kama anaruhusiwa kutoka nje ya wilaya. Kuvunja masharti kunaweza kumrudisha ndani bila hata kosa jipya.

Hospitali sasa. Magereza yana msongamano na kifua kikuu kinapenda msongamano. Akiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, kukonda, aende akapime makohozi, kituo cha afya chochote kilicho na huduma hiyo au Ligula kwa Mtwara mjini, Sokoine kwa Lindi mjini. Matibabu ya TB bure na dozi ya kawaida ni miezi 6. Kama alikuwa anakunywa ARV ndani, asiruke hata siku, achukue barua ya uhamisho na aripoti CTC, yaani kliniki ya dawa za ARV, iliyo karibu. Wengi wanaacha dawa wiki hii hii, kwa sababu kule alikuwa anaitwa kunywa na huku hakuna anayemwita.

## Hatua ya 4: Kumtoa jela kichwani

Hii ndo hatua ndefu na ndo inayorukwa, kwahiyo nitakaa hapa.

Utaona vitu vya ajabu na usicheke. Mzee akimwita, anachuchumaa. Anakula haraka kichwa chini, mkono mmoja umezunguka sahani. Anaficha kipande cha muhogo chini ya mto. Anaamka alfajiri anakaa kitandani anasubiri, hajui anasubiri nini, anasubiri kuhesabiwa. Ukimgusa begani kwa nyuma anaruka. Na kubwa kuliko yote, anaomba ruhusa.

Utasikia:

"Mjomba, naomba niende chooni."

Jibu zuri sio "nenda". Ukijibu nenda umeshakuwa nyapara wake. Jibu hivi: "Mjomba, choo chako hicho, huko huniombi mimi." Unasema kwa upole, unarudia hata mara hamsini, mpaka siku anaenda kimya kimya na wewe unajifanya hujaona.

Alafu anza kumpa uamuzi, kidogo kidogo, kwa kupanda ngazi.

Ngazi ya kwanza, mambo mawili achague moja. Leo ming'oko au ugali? Tunaenda shamba asubuhi au jioni? Mara ya kwanza atakwambia chochote tu. Usikubali hilo chochote, subiri, hata kama chakula kinachelewa. Familia nyingi zinakosa uvumilivu hapa, mama anamhurumia mwanae anampakulia, anamfulia, anamnunulia vocha, kila kitu anamfanyia, na bila kujua anaendeleza gereza kwa mapenzi.

Ngazi ya pili, mpe hela kidogo na orodha isiyokamilika. Mtume Soko Kuu akanunue mboga, usimwambie mboga gani. Akirudi na bei ya kupigwa usimseme mbele ya watoto, bei zote zimebadilika, alivyoingia ndani nazi ilikuwa bei nyingine na Tigo Pesa ilikuwa Tigo Pesa, siku hizi anaambiwa Mixx by Yas anadhani ni matapeli. Mfundishe pesa ya simu mwenyewe na umkazie hili: namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote anayepiga. Hawa jamaa wa "tuma kwa namba hii" watu waliotoka ndani wanawapata kirahisi sana.

Ngazi ya tatu, jambo la nyumba. Paa linavuja, tufanyeje? Mbuzi huyu auzwe au akae? Akitoa wazo lifuateni hata kama sio bora sana, ilimradi halina hasara kubwa. Mbuzi kuuzwa bei ndogo ni ada ya shule hiyo.

Kwenye hatua hii kuna siku atakasirika bila sababu, na siku atasema kule ndani bora, kule kila mtu anajua nafasi yake. Msimjibu na hotuba. Anasema kweli, kule alijua nafasi yake. Huku bado hajaipata na ndo mnaitengeneza.

Onyo: jina. Mtaani ataitwa mfungwa, mjelajela, na watoto watashika. Mwenyeji akate mapema, nyumbani anaitwa jina lake au baba fulani, basi. Na nyie ndugu msitumie kifungo chake kama silaha mkigombana, "ndo maana ulifungwa" ikishatoka mdomoni hairudi.

Umefanikiwa kama: anafanya kitu ambacho hakuna aliyemwambia. Amerekebisha banda la kuku, amehamisha kitanda, amekataa kitu. Akikukatalia kwa heshima, furahi, hiyo ni dalili nzuri kuliko utii.

## Hatua ya 5: Kazi kufuata msimu

Bahati yetu huku kusini kuna kalenda. Mwezi wa tano na wa sita palizi na kusafisha chini ya mikorosho, ufuta nao unavunwa kipindi hichohicho, kuanzia wa sita kwenda mbele kupuliza salfa na dawa, kuanzia wa tisa kuokota, wa kumi minada inaanza. Katikati ya hapo kuna ujenzi, uvuvi kwa wa Mikindani na Msangamkuu, kubeba mizigo. Mwanzishe na kazi inayotumia mwili, yenye watu wachache, na inayolipa kwa siku au kwa wiki. Malipo ya kusubiri miezi hayamfai mwanzoni, mfuko mtupu na marafiki wa zamani havikai vizuri pamoja.

Uliza pia alijifunza nini ndani. Magerezani kuna useremala, ujenzi, ushonaji, kilimo. Mtu anatoka fundi mzuri wa viti na familia inampeleka kufyeka, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Akitaka kuongeza fani, VETA ipo Mtwara na Lindi pia.

Kama mikorosho yake bado ipo, nendeni AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kuhakikisha jina lake kwenye daftari la wakulima, maana korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani na malipo yanapita benki. Kama kipindi chote ndugu alikuwa anauza kwa jina lake mwenyewe, kaeni mbele ya wazee, muandikishane msimu upi shamba linarudi. Kama liliwekwa rehani, mtu aliyelishika ana haki yake ya makubaliano, msimpeleke mpwa wenu kugombana na mapanga, pelekeni karatasi kwa mwenyekiti.

Onyo kubwa: kangomba. Atafuatwa. Kuna mtu atampa hela na bakuli aende vijijini kununua korosho kwa wakulima wenye njaa, bei ya kutupa, nje ya mfumo. Ni haramu, operesheni zinafanyika kila msimu, na kwenye kundi likikamatwa yeye mwenye rekodi ndo atabebeshwa. Mwenyeji aseme hili waziwazi kabla ya mwezi wa nane, asisubiri dalili.

Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba, lakini inatolewa kwa vikundi. Msimkimbizie huko mapema. Kikundi lazima kimjue na kimwamini, na yeye aonekane msimu mzima kwanza.

Umefanikiwa kama: anajua kesho anafanya nini bila kuuliza, na kuna mtu nje ya ukoo anamtafuta kwa kazi.

## Hatua ya 6: Kurudi kwa watu

Mlango rahisi kuliko yote ni msiba. Kwetu msibani hafukuzwi mtu. Aende na mwenyeji, ashike jembe la kuchimba kaburi, abebe maji, akae na wanaume, arudi. Asijaribu kuongea sana. Watu wakimwona amechafuka udongo kwa ajili ya marehemu wao, mdomo unapungua wenyewe. Msikitini au kanisani vilevile, ila shehe au padri aambiwe kabla.

Mpira wa mtaani sawa. Vijiwe vya usiku bado.

Kuna mtego mmoja wa huku kwetu sijaona ukiandikwa. Baba ametoka, ana binti au kijana anayesubiri ngoma, na anataka kufanya unyago au jando la kukata na shoka ili mtaa ujue amerudi. Anakopa, anauza korosho ambazo hazijaokotwa. Zuieni. Mtoto achezwe na wenzake kwenye ngoma ya ukoo kwa gharama ya kawaida, au isogezwe mwaka. Deni la ngoma limewarudisha wengi kwenye njia za mkato.

Kwa aliyemkosea: asiende peke yake kuomba msamaha, hata siku moja. Wazee watangulie kuuliza kama upande ule uko tayari kusikiliza. Wakisema hapana, ni hapana, na yeye abadili njia asipite mbele ya nyumba yao. Kama kosa lilikuwa la kumdhuru mtoto au ubakaji, suluhu ya kifamilia isitajwe kabisa, msiende kwa mhanga, na nyumba anayofikia isiwe na watoto anaoachwa nao. Hapo msilainishe.

## Hatua ya 7: Mke na watoto

Kama mke amesubiri, wapeni muda na chumba chao, mama mkwe akae mbali kidogo. Yule mwanamke ameongoza nyumba miaka yote, amelipa ada, amepuliza mikorosho, sasa bwana anarudi anataka kuwa kichwa cha nyumba asubuhi ileile. Haiwezekani. Wakae chini wagawane, yeye aanze na mambo mawili matatu, mengine mke aendelee.

Kama ameondoka, kubalini. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataja kifungo cha miaka mitano au zaidi kati ya mambo ambayo mahakama inaweza kuyaangalia kuona kama ndoa imevunjika. Ndugu wanaomchochea akamrudishe mkewe kwa nguvu wanamtengenezea kesi mpya.

Watoto waambiwe alikuwa gerezani, kwa maneno ya umri wao. Ile stori ya "baba alikuwa Msumbiji" shuleni inavunjwa siku moja. Mtoto asilazimishwe kumkumbatia. Wapeni kazi ya pamoja yeye na mtoto, kwenda kuteka maji, kushona mpira, ukaribu utakuja huko.

## Dalili za kukimbilia msaada

Hapati usingizi kabisa wiki zinapita, anaongea peke yake, amejifungia, anataja kufa, amerudi kwenye gongo au bangi kila siku, ana hela isiyo na maelezo. Hizi sio za mjomba tena. Afisa ustawi wa jamii yupo halmashauri, muulizeni mtendaji wa kata jinsi ya kumpata, na hospitali ya mkoa ina huduma ya afya ya akili. Akitaja kujiua msimwache peke yake hata usiku mmoja, na sumu ya mikorosho itoke ndani ya nyumba leo hii.

## Na akisema anataka kwenda Dar?

Wengi watasema, kawaida mwaka wa kwanza haujaisha. Kama ana masharti ya kuripoti, kwanza ruhusa. Kama hana, msimfunge kamba, kuamua kwenyewe ni kitu kizuri, ila mwulize maswali matatu: unafikia kwa nani, kazi gani, nauli ya kurudi unayo? "Nitajulia hukohuko" sio jibu, aongeze msimu mmoja wa korosho, aweke akiba. Akiwa na majibu mwacheni apande basi, na mwenyeji ampigie huyo anayempokea aongee naye yeye mwenyewe kabla tiketi haijakatwa.